Kiharusi Changu na Nyumba ya Mama Naserian

Mwezi uliopita, kwenye veranda ya hospitali Kajiado, mama mmoja aliyemleta mumewe kwa mazoezi ya viungo aliniuliza swali ninalolijua vizuri. Mumewe alikuwa ameketi katikati yetu, mdomo umeenda upande, taulo ndogo shingoni. Yule mama akanitazama juu ya kichwa cha mumewe akauliza, "Hata wewe ulikuwa hivi? Ulikuwa huongei kabisa?" Nikamwambia ndiyo, kabisa. Kisha nikamgeukia mumewe, nikamsalimia yeye, nikangoja. Sauti haikuja, lakini macho yalikuja, yakakaa kwangu muda mrefu.

Naandika kwa ajili ya yule mwanamume, na mkewe, na ndugu yeyote ambaye sasa hivi anashika mambo ya mtu aliyepigwa na kiharusi, au stroki kama tunavyoiita huku. Habari ya damu na mishipa ya kichwa waulizeni madaktari. Mimi nitawaambia nilivyongoja, na watu walioningoja.

Jina langu ni Zakayo Wanjala. Nyumbani ni upande wa Bungoma, lakini tangu mwanzo wa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa pampu za maji Kajiado. Injini ya kisima ikikataa, mimi ndiye niliyetumwa. Nimelala Loitokitok, nimelala Illasit, nimelala ndani ya lori katikati ya mbuga kwa sababu ng'ombe wa watu hawawezi kungoja kiu mpaka Jumatatu. Mke wangu Rispa alibaki nyumbani na watoto, Neema na wadogo zake, na shamba, mimi nikaenda kuwaona Agosti na Krismasi, kama wengi wetu tulivyoishi.

Ilinipata wakati wa kiangazi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwenye kisima kimoja mbele ya Isinya. Nilikuwa nakaza nati. Spana ikaanguka. Nikaiokota kwa mkono ule ule, ikaanguka tena, nikacheka. Nilitaka kumwambia mwenzangu kwamba mkono umelala. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kesho."

"Kesho nini?" akauliza.

"Kesho. Kesho, kesho."

Alipoinua macho akaona uso wangu, alilitupa bomba alilokuwa amelishika.

Siku za kwanza hospitalini nazikumbuka vipande vipande. Nakumbuka harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na uji. Nakumbuka kuna kitu kizito kilikuwa kifuani pangu, nikakipapasa kwa mkono wa kushoto, nikakuta vidole. Niliogopa sana. Nilitaka kumwita nesi aje amtoe mtu aliyelala juu yangu. Ulikuwa ni mkono wangu mwenyewe wa kulia.

Rispa alikuja kutoka Bungoma, akaingia wodini bado ana vumbi la safari. Aliniosha, akanigeuza, akaninywesha uji, na uji ukatoka pembeni mwa mdomo ukashuka shingoni, naye akaufuta kwa pindo la leso yake. Nilikuwa mtu wa kuinua injini. Sasa nilikuwa nainuliwa kama gunia ili shuka litandikwe. Mwili ulipungua upande mmoja. Mguu wa kulia ukawa mwembamba kama wa mtu mwingine, na bega likashuka.

Na neno lilikuwa moja tu. Nikitaka maji, kesho. Nikitaka kugeuzwa, kesho. Nikilia, kesho. Kichwani mwangu maneno yote yalikuwapo, Kibukusu, Kiswahili, hata Kiingereza cha shule, yakipanga foleni mlangoni, lakini lililotoka ni moja tu. Rispa ndiye aliyegundua kwamba makesho yangu hayafanani. "Ile ya kukataa ni fupi," alimwambia nesi. "Ile ya maji anaivuta." Kwa hiyo tuliishi hivyo, mimi na yeye, kwa kesho fupi na kesho ndefu.

Kazi haikungoja, wala silaumu mtu. Nilistaafishwa kwa sababu ya ugonjwa, na kukawa na pensheni ndogo ya kila mwezi. Sasa nani ataipokea? Mkono wangu haukuweza kuandika, mdomo haukuweza kutaja jina. Jamaa wakakaa kuzunguka kitanda. Wakamchagua kaka yangu mkubwa, Enoki, karani Nairobi, ndiye aliyesoma kuliko sisi wote na ndiye aliyenilipia shule baba alipofariki. Rispa hakuulizwa. Mimi nilijaribu kusema iwe Rispa. Ikatoka, "Kesho."

Mjomba akasema, "Amechoka. Anasema tuongee kesho. Tumalize tu tusimsumbue." Wakacheka kidogo kwa huruma, na jambo likaisha.

Enoki hakuwa mwizi. Nasema hivi mapema ili usome bila kungoja wizi. Alinunua dawa, alilipa, aliweka kila kitu sawa. Lakini kuna kitu kinachomtokea mtu ambaye haki yake inapita mkononi mwa mwingine. Watu huacha kumtazama. Humtazama yule mwenye mkono.

Mazoezi yangu yalikuwa Kajiado, kwa sababu mtaalamu wa viungo pale, Madam Mueni, alikuwa amenianzishia na hakutaka kuniachilia katikati. Enoki alitaka niwe karibu na Nairobi ili aweze kufika Jumamosi. Kitengela iko kati, kwa hiyo tukatafuta nyumba Kitengela. Rispa aliwaacha watoto kwa mama yake, akaja kukaa nami.

Tulizunguka na gari la rafiki ya Enoki. Mimi nilibaki kiti cha mbele, Rispa nyuma yangu, Enoki akashuka kwenda kuuliza. Mwenye nyumba mmoja alikuja mpaka dirishani, akanichungulia kama anayeangalia mzigo, akarudi. Nilimsikia vizuri: "Akinifia ndani nitamweleza nani? Na wewe unayelipa hukai hapa." Mwingine alisema vyumba vimejaa, na mlango nyuma yake ulikuwa wazi, chumba kitupu kinaonekana mpaka ukuta wa mwisho. Nilikuwa nataka kumwambia kwamba naona. Nikasema lile neno langu.

Mwishowe tukafika kwa Mama Naserian. Alikuwa mjane wa Kimaasai, mrefu, shuka begani, mwenye sehemu ya shamba iliyobaki baada ya watu wa ukoo wake kuuza kando kando. Alikuwa amejenga nyumba za mawe kwa mstari mmoja, na nyuma yake boma la mbuzi. Enoki alianza kueleza tangu langoni: ndugu yangu ni mgonjwa, haongei, pesa zake nazishika mimi, jambo lolote la nyumba utaongea na mimi.

Mama Naserian alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akampita, akaja mpaka kwenye dirisha la gari, akainama.

"Supa," akasema.

"Ipa," nikajibu.

Sijui ilitokea wapi. Miaka yote ile ya visima nilikuwa nimesalimiwa hivyo kwa Kimaasai na kuitika hivyo mara nyingi kiasi kwamba neno lilitoka lenyewe, bila kupitia mlango uliofungwa. Si lugha yangu ya mama. Lakini ndilo neno langu la kwanza tangu spana ianguke, kando na lile lililonikwama. Rispa alikuwa kiti cha nyuma. Alinishika bega mpaka likauma, lile bega zima. Enoki alisimama mdomo wazi.

Nilijaribu kuongeza lingine. Ikawa kesho.

"Hata kesho ni sawa," Mama Naserian akasema. "Sasa chagua nyumba."

Zilikuwa mbili zilizo wazi. Enoki akasema tuchukue ile ya karibu na lango. Mimi nikainua mkono wa kushoto, nikaonyesha ile ya mwisho kabisa, inayopata jua la asubuhi na haina ngazi mlangoni.

"Ile ni yake," Mama Naserian akamwambia Enoki kwa Kiswahili chake cha Kimaasai, ambacho "analala" au "unalala" huwa "nalala" tu. "Wewe nitachukua kodi kwako, hakuna shida. Lakini habari ya nyumba nitauliza huyu. Huyu ndiye nalala ndani."

Enoki alicheka kama mtu aliyesikia mzaha. Haukuwa mzaha.

Tulihamia upepo wa Agosti ukivuma. Wanaokaa Kitengela wanaujua upepo ule. Ulikuwa unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Punda milia walikuwa wanatoka upande wa mbuga wanakuja karibu na nyua, na mimi niliwaangalia kutoka kiti changu mlangoni kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Mara mbili kwa wiki jirani aliyefanya kazi Kajiado alinipa lifti asubuhi na kunirudisha jioni. Mazoezi yenyewe hayakuwa marefu. Kungoja ndiko kulikokuwa kazi. Tulikaa kwenye veranda ya mabati, benchi moja ndefu, mzee aliyeanguka kutoka kwa punda, mama kutoka Illasit aliyelazimika kuanza safari siku moja kabla, mtoto wa miguu iliyopinda. Hakuna aliyenijua, lakini nikienda choo kwa kujikokota nikirudi nilikuta nafasi yangu haijachukuliwa. Ulipokuwa huwezi kushika kikombe, aliyekaa karibu nawe alikushikia. Sikuwahi kusikia mtu akiagizwa kufanya hivyo.

Madam Mueni hakuwa na maneno matamu. Alinimwagia maharagwe na mahindi kwenye sinia, akasema nitenganishe kwa mkono wa kulia. Nilitoka jasho kama niliyelima. "Rudia," alisema. Nikimwaga yote chini, aliokota mwenyewe, akapiga magoti pale sakafuni, akasema, "Rudia, Baba Neema."

Nyumbani, Mama Naserian alikuja asubuhi na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi. Alisimama mlangoni akauliza, "Baba Neema, leo nataka maziwa ama chai?" Halafu alingoja. Sijaona mtu anayejua kungoja kama yule mama. Hakuinua nyusi, hakunisaidia neno, hakuangalia kwingine. Alisimama tu, kama anayesubiri mbuzi wamalize kunywa.

Rispa alijibu haraka: "Atakunywa maziwa."

"Sijauliza wewe, mama."

Rispa alikasirika sana. Akifunga mlango alisema, "Huyu ananiona mimi nani hapa? Mimi ndiye nakuosha. Mimi ndiye nakulisha. Nikisema unataka maziwa si ni kwa sababu najua?" Ilikuwa kweli, alijua. Na mimi sikuweza kumwambia kwamba anajua, na kwamba hata hivyo nilitaka kulisema mwenyewe. Siku ile alilia akipiga pasi. Hakuwa akilia kwa sababu ya maziwa. Alikuwa na watoto mbali, mume asiyesema, na kila kitu cha nyumba kilitoka kwa shemeji yake. "Hata sabuni niombe?" aliniuliza. "Mtu mzima kama mimi, nimpigie Enoki simu ya sabuni?" Wanawake wenye waume waliopigwa na kiharusi watanielewa nikisema kwamba ugonjwa ulikuwa mwilini mwangu, lakini uchovu mwingi ulikuwa wake.

Mvua za Novemba zilipokuja, udongo mweusi wa Kitengela ukanishika. Mguu wangu mbaya ulikuwa ukiburuta chini, na kila hatua ulizoa tope jipya mpaka ukawa mzito siwezi kuuvuta. Nilianguka nje ya mlango, Rispa na jirani wakaniinua nimejaa matope mpaka masikioni. Kesho yake Mama Naserian alikuja na mawe bapa kwenye toroli. "Simama hapa," akaniambia. "Piga hatua. Mguu wako nafika wapi?" Pale mguu ulipofika akaweka jiwe. "Tena." Jiwe lingine. Tukaenda hivyo mpaka lango, yeye ameinama, mimi na fimbo. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kutembea vizuri juu ya yale mawe. Watoto wa ploti waliyaruka wakicheka. Yalikuwa yamepimwa kwa kilema changu.

Neno la pili lilikuwa "maziwa." Lilikuja asubuhi ya baridi, mwaka mpya umeshaingia. Aliuliza kama kawaida, akangoja, na mimi nikafungua mdomo nikitarajia kesho, ikatoka "ma," halafu kimya kirefu, halafu "ziwa." Aliyamimina kwenye kikombe bila shangwe yoyote. Rispa ndiye aliyepiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Tangu siku ile hakujibu tena kwa niaba yangu, ila alipojisahau.

Mvua za Aprili zilipokwisha nilikuwa na maneno ya kutosha kuomba vitu, na kusalimia, na kuita watoto wangu kwa simu, Neema na wadogo zake, jina moja moja. Lakini yalitaka muda. Neno lilikuwa kama maji ya kisima kirefu: unapampu, unapampu, husikii kitu, unafikiri hakuna.

Muda ndio Enoki hakuwa nao. Alikuja Jumamosi mwisho wa mwezi, akasimama karibu na mlango, funguo za gari mkononi. Alimuuliza Rispa, "Anakula? Analala? Dawa ziko?" Mimi nikiwa bado nalitafuta jina lake, yeye alikuwa ameshanipiga piga bega na kuaga. Nililipata jina lake mara nyingi, lakini yeye alikuwa ameshafika langoni.

Ndipo akaja siku moja Julai, baridi kali, mawingu chini. Hakuja kwetu kwanza. Alienda moja kwa moja kwa Mama Naserian aliyekuwa anakama, na sisi tukawasikia.

"Mama, nimekuja kukupa notisi. Mwisho wa mwezi tunatoka."

"Nani natoka?"

"Zakayo. Namrudisha nyumbani Bungoma. Mwaka umepita, hali ni ile ile. Watoto wake wako kwa nyanya, mimi niko na familia yangu pia. Nimeona ni afadhali."

"Yeye hajaniambia."

"Atakuambiaje na haongei?"

"Naongea. Wewe hujakaa."

Alimleta mpaka mlangoni petu, akavuta kigoda. "Kaa," akasema. Enoki ni mtu wa heshima; kwa mama wa umri ule hakuweza kukataa. Akakaa, magoti juu, koti la kazi likigusa chini.

"Sasa uliza yeye."

"Zakayo," Enoki akaanza, "unajua nyumbani ni kuzuri, si ndiyo? Hewa ni nzuri, watu wako wako pale, na hapa unaona vile gharama..."

"Si hivyo. Uliza, kisha nyamaza."

Enoki akaanza upya. "Zakayo, unataka kurudi nyumbani?"

Nilisikia bati likilia kwa upepo. Maneno yote yalikuwapo na yote yalitaka kupita pamoja, na katikati yao nililiona lile la zamani, kesho, limesimama mbele likinisubiri niteleze. Nilifunga macho. Jasho lilinitoka katika baridi ile. Nilisikia Rispa akivuta pumzi ili aseme, kisha nikasikia akiiachilia.

"Mi," nikasema. "Mimi." Nikapumzika. "Na... baki."

Enoki hakusogea.

"Nitembee... kwanza. Watoto... waje. Hapa."

Nilipofungua macho kaka yangu alikuwa ananitazama. Si mguu, si mdomo uliopinda. Mimi. Akamgeukia Rispa. "Tangu lini?"

"Tangu mvua za Aprili, shemeji. Nilikwambia kwa simu. Ulisema tusiote ndoto."

Ningependa kusema tulikumbatiana. Hapana. Uso wake ulikunjamana, akainuka. "Kwa hiyo mimi ndiye mbaya," akasema. "Ofisini ni mimi. Hospitali ni mimi. Nyumbani wakiuliza Zakayo ako aje, ni mimi. Sijalala vizuri tangu uanguke, Zakayo. Hakuna mtu ameniuliza mimi nataka nini." Akaondoka, na chai ikabaki mezani haijaguswa.

Alisema kweli. Nililala na kweli hiyo kwa wiki nyingi. Sisi wagonjwa tunajua sana jinsi watu wanavyotupita. Jinsi wanavyochoka tunaijua kidogo.

Mwezi uliofuata hakuja, na mwezi baada ya huo pia. Simu ililia bila kupokelewa. Niliogopa kwamba nimeshinda neno nimepoteza ndugu, na nyumba pia. Rispa akaanza kuuza nyanya na vitunguu kando ya barabara, mzigo ukitoka Loitokitok, na jioni alirudi na vidole vya kijani vinavyonuka majani ya nyanya, lakini akiimba. Alikuwa na chake sasa, hata kama ni kidogo. Mimi nilimfuata Mama Naserian kwa yale mawe yangu ili nimwambie habari ya kodi. Nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia aliposema, "Najua. Rudi ukae. Ndugu yako ni mtu wa kukasirika. Si mtu wa kutupa."

Enoki alikuja mawingu ya Novemba yakiwa yanajikusanya upande wa Ngong. Alikuja na mkate na sukari, kama mtu anayetembelea watu. Alipitia kwa Mama Naserian, akamlipa kodi iliyobaki, kisha akaingia kwetu na kuketi kabla ya kuambiwa. Akangoja mpaka nikasema, "Enoki." Ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina lake kinywani mwangu tangu nipigwe. Aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Nimeenda ofisini," akasema baadaye. "Nimewauliza kama unaweza kuichukua pensheni yako mwenyewe. Wamesema inawezekana. Lazima uende, uwe na barua ya daktari, useme jina lako na uweke sahihi mbele yao. Nataka uichukue, Zakayo. Mimi nataka nirudi kuwa kaka yako tu."

Tukaanza kujifunza. Mkono wa kulia haukutaka kalamu, kwa hiyo nilianza upya na wa kushoto, nyuma ya kurasa za kalenda zilizopita. Zakayo lilitoka upesi. Wanjala lilinitesa, lilikuwa likikatika katikati. Madam Mueni alinifanya nilitaje nikitembea, hatua ya kushoto "Wan," hatua ya kulia "jala," huku na huko kwenye korido, watu wa benchi wakiitikia. Mzee wa punda alisema amelijua jina langu kuliko la mkwewe.

Siku ya ofisi tulienda Kajiado wote watatu. Afisa alikuwa kijana mstaarabu. Aliangalia barua, akaniangalia kidogo, akamgeukia Enoki. "Mzee anaelewa tunachofanya hapa?"

Nilimwona Enoki akifungua mdomo kwa mazoea. Akaufunga. "Muulize mwenyewe, bwana," akasema. "Lakini umpe muda."

Yule kijana akaweka kalamu chini. Kwa tendo hilo dogo nitamwombea baraka maisha yangu yote. "Jina lako, mzee?"

"Zakayo." Nikavuta pumzi. "Wan." Hakunimalizia. Enoki hakunimalizia. Rispa alikuwa ameuma kitambaa cha kichwa. "Jala."

Nikaweka sahihi, imelala kama uzio uliopigwa na ng'ombe, lakini yangu. Kisha akauliza swali ambalo hatukulifanyia mazoezi: "Na kuanzia sasa unataka nani awe anaipokea?"

"Mimi," nikasema. Nikamwonyesha mke wangu. "Na... Rispa. Akinisaidia."

Jina lililokataa kutoka kitandani kule, mbele ya jamaa wote, lilitoka pale. Rispa alicheka na kulia mpaka afisa akamtafutia kiti.

Mwisho wa mwezi ule nilienda kulipa kodi mwenyewe. Mama Naserian alipokea, akaiweka ndani ya shuka bila kuangalia. Kisha akanishika mkono wa kulia, ule mbaya, akaukunjua vidole kimoja kimoja, akautemea mate kidogo kiganjani, kama wazee wao wanavyobariki. Kwa muda mrefu mkono ule haukujua moto wala baridi. Nilihisi unyevu. Sijui kama ni mishipa iliyokuwa inapona au ni kitu kingine, na sijamuuliza daktari.

Watoto walikuja mwaka uliofuata, tukaongeza chumba cha pili. Bado natembea na fimbo. Bado nikichoka maneno yanapungua, na siku nyingine kikombe kinanianguka. Kama wewe ndiye umekaa na taulo shingoni ukisoma hii au ukisomewa, nakuambia kwamba uko ndani, najua uko ndani, na wapo watakaongoja. Na kama wewe ndiye unayeshika mambo yake, kaa. Mengine yatafuata kukaa.

Enoki siku hizi huja Jumapili baada ya kanisa, anakula, anavua viatu. Jumapili iliyopita alitaka tuuze mikaratusi ya baba iliyoko nyumbani. Nikakataa. Akasema imezeeka, nikasema hata wewe umezeeka. Akapandisha sauti, nikapandisha yangu. Alinikatiza, nikamwambia sijamaliza, nikamaliza, nikaongeza. Alipoondoka aliufunga mlango kwa nguvu kidogo.

Rispa alitoka jikoni akifuta mikono. "Mmegombana?"

"Ndiyo."

"Nani ameshinda?"

"Bado," nikamwambia. "Tunaendelea Jumapili."